Oili ya Lori la Dizeli: Jinsi ya Kuichagua, Kuitunza na Kuitupa Bila Kuharibu Mto

Kabla ya mapambazuko, malori yaliyosheheni viazi, kabeji na karoti huwa yameshateremka barabara ya Waiyaki kuelekea Soko la Wakulima, ambalo wengi hulijua kama Marikiti. Kukicha, malori ya taka huanza mzunguko wake Kangemi, Kawangware na Dagoretti, kisha hukata katikati ya jiji kwenda jaa la Dandora, upande wa pili wa Nairobi. Malori ya maji, ya mchanga, ya mawe na yale ya kunyonya maji taka nayo hujiunga na msafara huo.

Takriban yote hayo hutumia injini za dizeli. Uhai wa kila injini hutegemea oili iliyomo ndani yake: imechaguliwa vipi, imekaa humo kwa muda gani, na imepimwa lini mara ya mwisho. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa wenye malori, madereva, utingo na mafundi. Yanaeleza pia jambo linalomhusu kila mkazi, hata asiyemiliki gari: oili chafu huishia wapi baada ya kumwagwa kutoka kwenye injini.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA UMMA

Lori linapokufa injini, mwenyewe ndiye huhesabu hasara kwanza. Kuifungua injini na kuijenga upya hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya oili ya mwaka mzima, na siku ambazo lori limelala gerejini hakuna kinachoingia mfukoni. Lakini hasara haikomi kwake. Lori la taka likikwama wiki mbili, taka hurundikana mtaani. Lori la mboga likikwama mlimani Kangemi saa kumi na mbili asubuhi, foleni hufika mbali na bei sokoni hupanda.

Kuna pia suala la hewa. Injini iliyochakaa kwa kukosa oili nzuri huunguza oili pamoja na dizeli na kutoa moshi mwingi zaidi. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni watembea kwa miguu, wachuuzi wa kando ya barabara, wahudumu wa bodaboda na madereva wenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kuondoa taka. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Utunzaji wa oili ya lori, basi, si siri baina ya mwenye gari na fundi wake peke yao.

OILI HUFANYA KAZI GANI

Wengi hujua kwamba oili hulainisha. Hiyo ni kazi moja tu kati ya nyingi.

Kwanza, oili hutenganisha vyuma visisuguane. Kati ya kranki na beringi zake kuna utando mwembamba sana wa oili, na utando huo ukikatika kwa muda mfupi tu, beringi huanza kuyeyuka. Pili, oili hupoza. Maji ya radieta hayafiki chini ya pistoni wala kwenye shafti ya tabo. Joto la sehemu hizo huondolewa na oili. Tatu, oili husafisha. Dizeli inapoungua huacha masizi, na oili huyabeba masizi hayo yasijikusanye na kuwa tope. Nne, huzima asidi inayotokana na salfa iliyomo kwenye dizeli. Tano, husaidia ringi za pistoni kuziba vizuri ili nguvu ya mlipuko isivujie chini.

Ndiyo maana oili huchoka. Dawa zilizochanganywa ndani yake ili kubeba masizi na kuzima asidi hutumika na kwisha, kama sabuni inavyokwisha nguvu kwenye beseni la nguo chafu. Oili bado inaonekana ipo, kijiti cha kupimia kinaonyesha kiwango kimejaa, lakini uwezo wake wa kulinda injini umeisha.

Nairobi huongeza mzigo huo kwa njia yake. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini ya zamani isiyo na tabo hupata hewa kidogo kwa kiasi kilekile cha dizeli, hivyo huunguza vibaya na kutoa masizi mengi. Lori linapopanda kutoka Westlands kupitia Kangemi na Uthiru kuelekea Limuru, hufikia zaidi ya mita 2,000, likiwa na mzigo mgongoni na gia ya chini.

KUSOMA MKEBE WA OILI

Mkebe wa oili huwa na maandishi mengi, lakini mambo mawili ndiyo muhimu: uzito na daraja.

Uzito huandikwa kwa nambari, kwa mfano 15W-40. Nambari ya kwanza, iliyoandamana na herufi W, huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo oili inavyofika juu ya injini upesi asubuhi. Nambari ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za selsiasi. Oili ya 15W-40, kwa hiyo, ni nyepesi kiasi wakati wa kuwasha na hubaki na uzito wa kutosha katika joto la kazi. Kwa malori mengi ya dizeli katika hali ya hewa ya Nairobi, huo ndio uzito unaopendekezwa na watengenezaji.

Oili ya uzito mmoja, kama ile iliyoandikwa SAE 40 pekee, bado inauzwa na hutumiwa kwenye injini za zamani. Kasoro yake ni kwamba huwa nzito sana asubuhi. Katika miezi ya Juni na Julai, wakati baridi ya Kikuyu na Limuru inauma, oili hiyo huchelewa kufika kwenye valvu na tabo, na sehemu kubwa ya uchakavu wa injini hutokea katika sekunde hizo za kwanza baada ya kuwasha.

Daraja huandikwa kwa herufi zinazotolewa na taasisi ya petroli ya Marekani, API. Herufi S huanza madaraja ya injini za petroli, na herufi C huanza yale ya injini za dizeli. Mkebe wenye S peke yake haufai kwa lori la dizeli, hata kama bei yake inavutia. Baadhi ya oili huwa na yote mawili, mfano CI-4/SL, na hizo zimepita vipimo vya dizeli.

Herufi inayofuata C hueleza kizazi cha oili. CD na CF-4 ni madaraja ya zamani ambayo API imeyaondoa kwenye matumizi. CH-4 ilianza mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006 na CK-4 mwaka 2016. Kwa kawaida daraja jipya katika mfululizo huu linaweza kuchukua nafasi ya lililotangulia. Daraja la FA-4 ni tofauti: ni oili nyepesi iliyoundwa kwa injini maalumu za kisasa, na isitiwe kwenye lori lolote ambalo kitabu chake hakiitaji.

Malori mengi ya Nairobi ama yameundwa kwa mitambo ya Kijapani ama yameingizwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Wenye magari hayo huenda wakaona alama za JASO, ambazo ni madaraja ya Kijapani. DH-1 ni ya malori yasiyo na kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. DH-2 ni ya malori na mabasi yenye kichujio hicho. DL-1 ni ya magari madogo ya dizeli yenye kichujio.

Kichujio hicho kina umuhimu mkubwa katika uchaguzi. Oili ikiungua huacha majivu, na majivu hayachomeki tena. Hujaa kwenye kichujio mpaka lori likose nguvu. Lori lenye kichujio cha masizi linahitaji oili ya majivu machache, kama CJ-4, CK-4 au DH-2. Mnunuzi wa lori lililotoka ng'ambo karibuni anapaswa kuuliza kwanza kama kichujio kipo kabla ya kumwambia fundi atie "ile ya kawaida".

OILI IPI KWA LORI LIPI

Jibu la kwanza na la mwisho limo kwenye kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, au kimeandikwa kwa Kijapani, mwakilishi wa kampuni iliyounda lori hilo anaweza kueleza daraja na uzito unaofaa akipewa nambari ya injini. Pale ambapo hakuna mwongozo wowote, yafuatayo yanasaidia:

• Lori la zamani lisilo na tabo: 15W-40 ya daraja la CH-4 au CI-4 humtosha mwenyewe. Hakuna faida ya kununua oili ghali kupita hapo.

• Lori lenye tabo lakini lisilo na kichujio cha masizi: 15W-40 ya CI-4 au DH-1.

• Lori lenye kichujio cha masizi: CJ-4, CK-4 au DH-2, katika uzito uliotajwa na mtengenezaji.

Oili nzito ya 20W-50 hupendwa kwa injini iliyochakaa kwa sababu hupunguza moshi na kuongeza presha ya oili kwenye kipimo. Ni kweli husaidia kwa muda, lakini haiponyi injini; huficha tu ugonjwa wake. Vivyo hivyo "dawa za injini" zinazomiminwa ili moshi ukome. Nyingi huifanya oili iwe nzito tu. Lori linaloonyesha moshi wa buluu linahitaji fundi wa kupima ringi na valvu, na fedha za dawa zingefaa zaidi kuwekwa akiba ya kazi hiyo.

KILOMITA ZA FOLENI SI KILOMITA ZA BARABARA KUU

Wenye malori wengi hubadilisha oili kila kilomita 5,000. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini ndani ya Nairobi inaweza kudanganya.

Lori linalokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara kuu hutumia saa 100 kumaliza kilomita 5,000. Lori linalosota kwenye foleni za jiji kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa hutumia zaidi ya saa 330 kumaliza kilomita hizohizo. Mita ya kilomita inaonyesha nambari ileile, lakini oili ya lori la pili imefanya kazi zaidi ya mara tatu.

Tuchukue mfano wa lori la taka. Injini yake huwashwa saa 9 kwa siku: inanguruma wakati wa kupakia, inaendesha mtambo wa kushindilia taka, inasubiri kwenye foleni na tena kwenye mlango wa jaa. Kwa siku linasafiri kilomita 60 tu. Likifanya kazi siku 26 kwa mwezi, litahitaji zaidi ya miezi mitatu kufikisha kilomita 5,000. Kufikia hapo injini itakuwa imefanya kazi karibu saa 750. Kwa kulinganisha, mashine nyingi za ujenzi zinazotumia dizeli hubadilishwa oili kila saa 250. Huo si mwongozo wa kila lori, lakini unaonyesha jinsi mita ya kilomita inavyoweza kumlaza mwenye lori usingizi.

Hatua inayofaa ni kuandika saa. Dereva aweke daftari ndogo ndani ya kabini na kuandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Malori yanayofanya kazi ya kusimama na kwenda, yaani ya taka, ya maji, ya zege na ya kunyonya maji taka, yabadilishiwe oili kwa hesabu ya saa au ya miezi, kwa kufuata sehemu ya kitabu inayoeleza matumizi magumu. Kupunguza kunguruma bure pia husaidia: injini ikiwa imesimama kwa muda mrefu bila kazi haipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili, na masizi huongezeka.

Dizeli yenyewe ina mchango wake. Tangu Januari 2015, Kenya pamoja na nchi jirani za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500 kilichokuwapo awali. Hilo lilipunguza sana asidi kwenye oili. Adui aliyebaki ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri kama dizeli. Huharibu pampu na nozo, na nozo mbovu humwaga mafuta kwenye kuta za silinda mpaka yakachanganyika na oili. Dizeli ya bei nafuu kupita kiasi kutoka kwenye mitungi ya kando ya barabara mara nyingi hulipiwa na injini.

KIPIMO CHA DAKIKA TANO KILA ASUBUHI

Kazi hii haihitaji fundi. Dereva au utingo anaweza kuifanya kabla ya lori kuondoka:

1. Lori liwe kwenye uwanja tambarare na injini iwe imezimwa. Kama imetoka kufanya kazi, isubiriwe angalau dakika 10 ili oili iteremke.

2. Vuta kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha kivute tena.

3. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo oili ya aina ileile, ukipima kila mara.

4. Usizidishe alama ya juu. Oili ikizidi, kranki huipiga mpaka ikafanya povu, na povu halilainishi. Oili nyingi pia husukuma sili na kuvuja, na katika injini ya dizeli inaweza kuvutwa ndani na kuungua kama mafuta, injini ikakimbia bila kudhibitika.

5. Chungulia chini ya lori. Doa jipya sakafuni ni habari.

6. Washa injini. Taa nyekundu yenye alama ya chupa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Ikiwaka lori likiwa barabarani, simama mahali salama na uzime injini papo hapo. Kuendelea "mpaka gerejini" ni njia ya hakika ya kuua beringi.

Kwa lori lenye tabo, dereva asizime injini mara tu baada ya kupanda mlima na mzigo. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oili ndiyo inayoipoza. Dakika moja au mbili za kunguruma polepole kabla ya kuzima huiokoa.

RANGI, HARUFU NA MOSHI VINASEMA NINI

Oili nyeusi peke yake si dalili ya ubovu. Katika injini ya dizeli, oili mpya hugeuka nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Oili isiyobadilika rangi kabisa ndiyo ya kutiliwa shaka. Dalili za kweli ni hizi:

• Rangi ya chai ya maziwa: maji ya radieta yameingia kwenye oili, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya juu ya injini. Lori lisiendeshwe.

• Kiwango kinapanda bila mtu kuongeza: dizeli au maji yanaingia. Harufu ya dizeli kwenye kijiti huthibitisha la kwanza.

• Oili nzito yenye tope: imekaa kupita muda wake.

• Vipande vinavyometameta: chuma kinalika. Fundi aitwe haraka.

• Moshi wa buluu: injini inaunguza oili.

• Moshi mweusi: hewa haitoshi au nozo ni mbovu. Kagua kwanza filta ya hewa, hasa kwa malori yanayopita barabara za vumbi. Vumbi likiingia kwenye injini husaga silinda kama msasa.

• Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto: dizeli haiungui sawasawa, au maji yanaingia kwenye silinda.

Malori ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA. Mwenye lori anayefuatilia dalili hizi mwaka mzima hana haja ya kukimbizana na mafundi siku mbili kabla ya ukaguzi.

SIKU YA KUBADILISHA

Oili imwagwe injini ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu hutiririka vizuri na kubeba uchafu, lakini isiwe ya moto wa kuunguza. Iachwe idondoke kwa dakika 15 hadi 20. Filta ibadilishwe kila mara pamoja na oili. Filta iliyoziba ina mlango mdogo unaofunguka ili injini isikose oili, na tangu wakati huo uchafu wote huzunguka bila kuchujwa. Anayebadilisha oili na kuacha filta ya zamani ameoga na kurudi kwenye nguo chafu.

Baada ya kujaza, injini iwashwe kwa dakika chache, ikaguliwe kama inavuja, izimwe na kupimwa upya. Tarehe, kilomita, saa na aina ya oili viandikwe kwenye daftari lilelile la kabini. Lori linapouzwa, daftari hilo humpa mnunuzi imani kuliko maneno mengi.

Fundi avae glavu. Oili iliyotumika ina metali nzito na kemikali zitokanazo na uunguaji ambazo zinaweza kudhuru ngozi na kusababisha saratani zikigusana nayo kwa miaka. Mikono ioshwe kwa sabuni. Kunawa kwa dizeli au petroli huikausha ngozi na kuifungulia sumu njia.

OILI GHUSHI

Oili iliyotumika ikichujwa na kutiwa rangi inaweza kupakiwa tena kwenye mkebe wenye jina linaloaminika. Kwa macho, ni vigumu kuitambua. Mnunuzi anunue kwenye kituo cha mafuta au kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni husika, na adai risiti. Kifuniko kiwe na muhuri usiovunjwa, na nambari ya toleo isomeke vizuri. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, iwepo; uhalali wake unaweza kuhakikishwa kwa kutuma ujumbe wa simu wenye herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali hadi 20023. Kesi za bidhaa ghushi hushughulikiwa na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008.

Kila mwenye lori anaweza kuikata biashara hii mizizi kwa jambo dogo: baada ya kutumia oili, autoboe mkebe na kuchana karatasi yake. Mkebe mzima wenye jina zuri ndio mtaji wa mdanganyifu.

OILI CHAFU ISIFIKE MTONI

Lori la tani tatu au nne hutoa takriban lita 7 hadi 10 za oili chafu kila inapobadilishwa. Magari makubwa ya trela huzidi lita 30. Zizidishe kwa magari yote yanayohudumiwa kwa siku kwenye gereji za barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, Dagoretti Corner, Kawangware na Kangemi.

Sehemu hizo zote ziko karibu na mito. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita upande wa magharibi wa jiji kabla ya kufika nyuma ya barabara ya Kirinyaga. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo hupitia mitaa ya Lavington na Kilimani. Motoine huteremka upande wa kusini hadi Bwawa la Nairobi. Oili inayomwagwa kwenye mtaro leo husombwa na mvua ya kwanza hadi kwenye mojawapo ya mito hiyo, na huko mbele kuna watu wanaomwagilia sukumawiki na kunywesha mifugo. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, hukadiria kwamba oili inayotoka kwenye gari moja katika badiliko moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi.

Kwa hiyo:

• Oili chafu ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko, usiochanganywa na maji, petroli wala maji ya radieta. Ikichanganywa haiwezi kusafishwa upya kwa urahisi.

• Filta ya zamani igeuzwe chini na kuachwa idondoke usiku kucha kabla ya kutupwa.

• Oili ikimwagika, imwagiwe maranda ya mbao au mchanga na kuzolewa. Isisukumwe kwa maji hadi mtaroni.

• Oili chafu isimwagwe barabarani kutuliza vumbi, wala isiunguzwe wazi.

• Ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mwenye gereji adai kuiona leseni hiyo na ahifadhi stakabadhi. Oili chafu ni taka hatari kwa mujibu wa kanuni za usimamizi wa taka, na aliyeizalisha huwajibika mpaka itakapofika mahali halali.

Gereji ndogo zisizoweza kujaza pipa peke yake zinaweza kushirikiana: mafundi watano au sita wa eneo moja wakiwa na pipa moja lenye paa na sakafu ya saruji, mkusanyaji huwa na sababu ya kufika. Oili hiyo ina thamani, kwa kuwa inaweza kusafishwa upya au kutumiwa kama nishati kwenye tanuri za viwanda zenye kibali.

KWA MUHTASARI

Mwenye lori: fuata kitabu cha gari, nunua daraja linalofaa, hesabu saa pamoja na kilomita, na usimnyime fundi filta mpya.

Dereva na utingo: pimeni oili kila asubuhi, andikeni daftari, na zimeni injini taa nyekundu inapowaka.

Fundi: vaa glavu, kusanya kila tone, toboa mkebe.

Mkazi: ukiona oili ikimwagwa mtaroni au mtoni katika mtaa wako, toa taarifa kwa ofisi ya wadi, kwa maafisa wa mazingira wa kaunti ndogo au kwa NEMA, ukieleza mahali na saa. Mvua ikishanyesha, hakuna wa kuizoa tena.